ADA ALILIPA YEYE, KABURI HALINA JINA!

Mgongo unaniuma kama nimeshinda Kariakoo nikibeba mizigo ya watu. Najua wiki hii ulitegemea tumalizie ile mada ya wanaume wanaokopa kwa wapenzi wao halafu wanazima simu. Tulia, ipo, haiozi. Leo nakupeleka makaburini. Usifungue ukurasa mwingine! Hakuna majini wala mazimwi humu, kuna watu tu.

Ilikuwa hivi. Bibi yangu, mzaa baba, alinipigia kwa simu ya kijana wa jirani. Hakuniuliza hali, hakuniuliza mchumba. Alisema, "Wewe si ndo unaandika-andika magazetini? Njoo uniandikie."

"Nikuandikie nini, Bibi?"

"Watu."

Simu ikakatika. Salio la watu hilo, utafanyaje?

Sasa nikwambie ukweli, kwetu ni Muleba, mkoa wa Kagera. Ndiyo, sisi ndo wale mnaotuita nshomile, wasomi kuanzia tumboni. Kwenye ukoo wetu kuna mhandisi, kuna mwanasheria, kuna mtu kasoma mpaka akachoka. Halafu nipo mie, kidato cha nne, daraja la nne, nalo la kubembeleza. Kwenye grupu la familia nikiandika kitu watu wanajibu na kidole gumba basi. Kwa hiyo Bibi kunichagua mimi kati ya wote hao, niliona kama nimepewa cheo.

Nilipanda basi Mbezi pale kituo cha Magufuli. Jamani, Dar mpaka Muleba usiombe! Dodoma unapita, Singida unapita, unalala, unaamka, unakuta bado hujafika Kahama. Jirani yangu kwenye kiti alikuwa na jogoo kwenye boksi, na yule jogoo alikuwa anajua saa kuliko dereva. Nilishuka Muleba miguu imevimba kama maandazi, nikachukua bodaboda mpaka nyumbani.

"Shikamoo Bibi!"

"Marahaba mwanangu. Umekuja na kalamu?"

Hakuna hata "pole na safari". Nikaonyesha kalamu, ndo nikapewa ndizi.

Kwa wale wenzangu mliozaliwa Mwananyamala na kukulia Mwananyamala, ngoja niwaeleze. Kwetu makaburi hayako mbali kama Kinondoni kule, unakwenda siku ya kuzika halafu unasahau. Kwetu kuna kibanja. Nyumba ipo katikati, imezungukwa na migomba, katikati ya migomba kuna mibuni, chini kuna maharage, na wafu wamelala humohumo. Unakwenda kukata mkungu unampita babu yako. Ndiyo hati ya shamba hiyo! Mtu akija kudai kibanja, unamwonyesha waliolala pale.

Zamani migomba ilikuwa mizito, makaburi huyaoni. Halafu katikati ya miaka ya 2000 ule ugonjwa wa mnyauko ukaingia Kagera, ukachapa migomba vibaya sana. Upande mmoja wa kibanja chetu ukabaki kipara. Makaburi yakatoka nje, yote manane. Kati ya manane, yenye misalaba yenye majina ni mawili tu. Mengine ni mawe na vilima vya udongo, na anayejua nani kalala wapi ni mtu mmoja tu duniani, Bibi, mwenye miaka themanini na kitu na presha juu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini simu ile haikuwa na salamu.

Kesho yake asubuhi tukaanza. Yeye na mkongojo, mie na daftari kubwa.

Kaburi la kwanza, baba yake Babu. Huyu alikuwa Keya, askari wa Mwingereza, alipelekwa vitani Burma kupigana na Wajapani. Unajua Burma ilipo? Huko Asia! Mwaka 1944 askari wa Afrika Mashariki walipita mabonde ya kule kwenye mvua na malaria, wakavuka mto Chindwin. Huyu mzee wetu alikuwemo. Alirudi na koti, kikombe cha bati na chuki na wali. Mpaka anakufa hakuugusa, alisema kaula wa kutosha vitani. Nikamuuliza Bibi, mie mpenda pilau hivi nimerithi wapi? Akasema, "Kwa mama yako."

La pili, mke wa Keya. Huyu kisa chake si mchezo. Mume alipokuwa vitani, miaka inapita, barua hakuna. Watu wakasema kafa. Akanyolewa nywele, akaomboleza, msiba ukaisha. Nywele zimeshaota tena, jioni moja anatoka kuchota maji anamwona mtu na koti amesimama kwenye migomba. Alitupa mtungi akakimbia! Alidhani mzimu. Bibi anasimulia anacheka mpaka anakaa chini. Huyo mama alizikwa kwa lubugo, lile vazi la gome la mti la wazee wetu, kwa sababu aliagiza mwenyewe. Sanda ya dukani hakuitaka.

Matatu yaliyofuata ni madogo. Mawe yake unaweza kuyazunguka kwa mikono. Bibi aliacha kucheka. Hawa ni watoto wake, wote watatu waliondoka miaka ya 1960, wawili kwa surua ndani ya wiki moja. Mpango wa chanjo wa taifa ulianza 1975, wao walishalala zamani. Aliyataja majina yao polepole, halafu akanisubiri nimalize kuandika, akaniambia niyasome. Nikayasoma. "Tena," akasema. Nikayasoma tena. Sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kuyatamka majina yale miaka hamsini hii.

La sita ni dada yake Babu, aliyeolewa mara mbili akarudi nyumbani mara mbili, na mara zote alirudi anaimba. La saba ni Babu mwenyewe, aliyefariki 1998. Hilo ndo kaburi kubwa, lenye saruji na msalaba. Ila tetemeko la Septemba 10, 2016, lile lililobomoa nyumba Bukoba na kuua watu, lililipasua katikati. Tangu siku hiyo grupu la familia limechangishana maneno tu, hela hakuna.

Kuna wawili hawapo pale. Mdogo wake Babu alikwenda vita ya Kagera, majeshi ya Idi Amin yalipotuvamia mwaka 1978. Hakurudi. Yupo Kaboya, hukohuko Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa. Yule serikali inamtunza, anapigiwa saluti. Mwingine ni binamu yake baba, alipanda MV Bukoba pale Kemondo kwenda Mwanza kutafuta maisha. Asubuhi ya Mei 21, 1996 meli ikapinduka, Mwanza wanaiona kwa macho! Mamia ya watu walikufa, wengi wakazikwa Igoma. Hatujui yeye ni yupi kati yao. Bibi kawapandia wote wawili mlamula, ule mmea wetu wa mipaka, ili wajue pa kurudi.

Nikahesabu kwenye daftari. Saba. Nikamwambia Bibi, "Si ulisema manane?"

Akanyoosha mkongojo. Kule mwisho kabisa, kwenye mpaka na jirani, chini ya mbuni mmoja mkongwe, kulikuwa na kitu kama tuta la viazi. Hakuna jiwe. Hakuna kitu.

"Yule ni shangazi yako," akasema.

Msomaji, mie nina shangazi wawili, wote nawajua, wote wananidai hela. Huyu wa tatu sikuwahi kusikia hata jina lake. Na hapa silitaji, utaelewa mbele ya safari kwa nini.

Bibi alikaa chini kabisa, kwenye udongo, akanisimulia. Shangazi alizaliwa 1958, ndiye wa kwanza kwa waliobaki hai. Aliishia la saba. Akili alikuwa nazo, lakini nani asomeshe msichana? Vita ilipoisha 1979, nchi ilikuwa hoi. Sabuni hakuna, sukari hakuna, chumvi ya kutafuta, hela ya kahawa inachelewa ushirika mpaka unasahau uliuza lini. Basi Shangazi akaanza kuvuka Mutukula kwenda Uganda na kurudi. Tuite jina lake, magendo. Anapeleka hiki, anarudisha kile. Sabuni, viberiti, na vitambaa. Kulikuwa na kitambaa cha kisasa wakati ule, kinaitwa Juliana, akina dada wa Bukoba walikuwa hawalali kwa ajili yake.

Mwaka 1983 serikali ikatangaza vita na wahujumu uchumi, watu wakawa wanatupa mali usiku. Shangazi alitumbukiza mzigo mzima chooni, akalia siku mbili, ya tatu akaanza upya. Biashara zilipolegezwa mwaka uliofuata akanunua cherehani. Ipo mpaka leo, imefunikwa kitenge chumbani kwa Bibi. Niliigusa, gurudumu bado linazunguka.

Hela yote hiyo ilikwenda wapi? Sikiliza sasa. Ilikwenda kwa Baba mkubwa wangu. Huyu Baba mkubwa ndo kinara wa nshomile wote wa ukoo, mwenye shahada mbili, aliyestaafu na gari la maana, anayenipa nasaha kila Krismasi kwamba nimechezea elimu. Kumbe bwana, mwaka 1979 hakuchaguliwa kuendelea na sekondari ya serikali! Akapelekwa shule ya kulipia. Ada miaka minne, viatu, sanduku la bati, nauli, vyote kwa mgongo wa Shangazi. Alipomaliza Baba mkubwa, akafuata baba yangu. Yaani hata daftari langu la kwanza, ukilifuatilia vizuri, lilipita Mutukula usiku.

Mwaka 1987 Shangazi akaanza kukonda.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walionekana Kagera, mwaka 1983. Wakati ule watu hawajui ni nini. Kwa kuwa uliwakuta wafanyabiashara wa mpakani, ukaitwa kwa jina la kile kitambaa, Juliana. Wengine wakasema ni uchawi wa Waganda waliodhulumiwa. Mijini ukaja kuitwa ngoma, umeme, majina kibao, lakini kwetu ulianza na jina la nguo aliyoiuza Shangazi. Unaona mkosi huo?

Alifariki 1989, miaka 31. Wanawake wa jirani waliogopa kumwosha. "Nilimwosha mwenyewe," Bibi akasema. "Kama siku ile nilipomzaa." Wazee wa ukoo wakaamua azikwe mbali na nyumba, jioni, haraka. Bibi hakuulizwa. Baba mkubwa alikuwa Dar, ana kazi mpya. Hakuja. Alituma hela.

Basi, Jumamosi ikafika, kikao cha familia. Baba mkubwa katua Bukoba kwa ndege, kapiga suti ya kaunda, fundi kaitwa. Hoja moja tu, kaburi la Babu lijengwe kwa vigae, shilingi laki nane, na hela ameshakuja nayo. Watu wakapiga makofi.

Bibi akasema, "Na wengine?"

"Mama, tuanze na mzee. Wengine polepole."

"Na yule wa mpakani?"

Kimya! Hata kuku walinyamaza. Baba mkubwa akakohoa. "Mama, yale mambo watu wameshayasahau. Tukiandika pale mwaka na jina, watoto wetu wakileta wachumba hapa, wataanza kuuliza. Tuache kufukua."

Bibi hakubishana. Alinigeukia, "Wewe, soma."

Nikasimama na daftari langu. Magoti yanatetemeka, maana kwetu msichana wa daraja la nne kusimama mbele ya wasomi ni kesi. Nikasoma. Keya na wali wake, watu wakacheka. Mkewe na mtungi, wakacheka zaidi. Watoto watatu, majina yao, mama mmoja akaanza kufuta machozi. Nikafika mpakani. Nikasoma kama Bibi alivyonitajia. Kazaliwa 1958. Kafariki 1989. Alivuka Mutukula kwa miguu. Alimsomesha kaka yake miaka minne, shule ya kulipia, kisha mdogo wake.

Baba mkubwa akaruka, "Nani kakwambia shule ya kulipia?"

Bwana wee! Vijana wa ukoo walishikana mbavu. Miaka yote hiyo tulidhani kapasua mtihani! Nami nilitaka kucheka, lakini nilimwona uso. Hakuwa amekasirika. Alikuwa kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Akatoka nje.

Alikaa huko shambani muda mrefu. Tulimwona kwa mbali, kasimama karibu na ule mbuni, mikono nyuma, mgongo kwetu. Sitakudanganya kwamba alipiga magoti akalia kama kwenye sinema. Hakulia. Aliporudi viatu vimejaa udongo, akamuuliza fundi, "Msalaba wa zege wenye jina ni bei gani?"

"Elfu tisini, mzee."

"Weka minane."

Piga hesabu, ni laki saba na ishirini. Vigae vikafa hapohapo. Elfu themanini iliyobaki ilinunua nyama na lubisi, tukanywa mpaka usiku. Msamaha hakuomba. Neno UKIMWI hakulitamka, wala hakuna aliyemlazimisha. Kaburini huandikwi umekufa na nini, unaandikwa wewe ni nani.

Lakini usidhani yaliisha vizuri hivyo. Jumapili asubuhi Bibi akatangaza kwamba yeye siku yake ikifika azikwe kule mpakani. Siyo pembeni mwa Babu. Hapo ndo moto ukawaka upya! Wazee wakasema haijawahi kutokea, mke analala na mumewe. Bibi akawajibu taratibu, "Mzee ana baba yake, ana mama yake, ana dada yake pale. Yule yuko peke yake tangu 1989." Mpaka naondoka kikao hakijapata jibu. Ila Bibi kashapima mahali kwa mkongojo, na fundi kanikonyeza kwamba msalaba wa Shangazi kauweka kushoto kidogo ili nafasi ibaki.

Kitu kinachoniuma ni kimoja. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Miaka kumi na mitano baada ya Shangazi. Leo mtu anapima, anameza vidonge vyake, analea watoto, anazeeka, anatusumbua kwenye harusi kwa kucheza vibaya. Yeye angekuwa na miaka sitini na kitu sasa hivi, na nina hakika angekuwa ananidai hela kama wale wengine wawili.

Sasa nakuuliza wewe uliyejifungia Sinza unasoma gazeti la kuazima. Kwenu kuna kaburi la pembeni? Nani alilipa ada ya baba yako? Kama una bibi au babu aliye hai, wiki hii usimtumie meseji, mpigie. Ukiweza nenda na daftari. Usisubiri wasomi wa ukoo, hao wana shughuli nyingi. Kazi hii hata daraja la nne anaiweza.

Kabla sijapanda basi, Baba mkubwa alinishika bega. Akanipa nauli, tena ya kutosha, akasema, "Sasa wewe, usije ukayapeleka mambo haya gazetini." Nikamwangalia Bibi. Bibi akasema, "Mimi nilimwita aandike."

Shikamoo Baba mkubwa, najua unasoma. Jina lako sijalitaja. Nauli ya kurudi Krismasi naomba mapema.

Wiki ijayo, penye majaliwa, tunarudi kwa wale wanaokopa na kuzima simu. Mmoja kashanipigia ananitisha, kwa hiyo usikose!